Kichupa Kilichotangulizwa

Siku damu ya mama yangu ilipoingia maabara, mimi nilitolewa nje.

Mkuu wa utafiti alinifungulia mlango mwenyewe, kwa adabu, akanikumbusha masharti ambayo nami nilishiriki kuyatunga: mwenye ndugu miongoni mwa wagonjwa hagusi sampuli, haulizi majibu, hachungulii. Kisha akafunga. Nikabaki upande wa pili wa kioo, koti jeupe mkononi, nikiwatazama wenzangu wakipita kati ya meza nilizozizoea kuliko jiko langu. Ndani mle, katika kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho, kulikuwa na maji ya damu ya mwanamke aliyenizaa. Nilijua kila hatua ambayo kingepitia. Nilijua hata ile meza yenye mguu mfupi, inayohitaji karatasi iliyokunjwa chini yake ili isitikisike. Nisichokijua ni la kufanya na mikono yangu.

Sasa miaka mingi imepita, na mlango ule umebadilishwa, lakini kila nikiupita bado naona haya kidogo, kama mtu aliyewahi kufukuzwa kwake.

Kazi yetu mle ndani ilikuwa kutafuta tiba ya moyo ulioshindwa kusukuma damu. Mama alipenda kuwaambia majirani kwamba binti yake ni daktari, halafu, kabla hawajaanza kumwonyesha magoti yanayouma, huongeza haraka kwamba ni daktari wa ile aina isiyoweza kukupa hata kidonge cha kichwa. Alilisema bila ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa msimamizi katika kiwanda cha kushona sare, ukumbi mmoja mrefu wenye cherehani zinazounguruma kutwa, na sauti yake ililelewa humo. Alipostaafu alirudi nayo nyumbani ilivyo. Kaka yangu na mimi tulikuwa tumekua tukiombwa chumvi kwa sauti ya kuitia watu wazime moto. Na kama watoto wote wanaofokewa kutwa kucha, tulijifunza kutosikia. Haukuwa ukaidi. Sikio nalo hujilinda. Siku moja sufuria iliungua kwelikweli, jiko likajaa moshi, mama akatuita kwa dhati, na hakuna kati yetu aliyeinua kichwa.

Nalitaja hili kwa sababu ndivyo nilivyomweleza ugonjwa wake ulipomshika. Nilimwambia kwamba kila seli ya moyo ina masikio yake, vipokezi vidogo juu ya ngozi yake, na kwa hayo hupokea maagizo ya mwili: kaza, harakisha, kuna ngazi ya kupanda. Moyo ukianza kudhoofu, mwili huingiwa na hofu na kuanza kufoka. Hufoka mchana, hufoka hata mtu akiwa amekaa. Moyo ukifokewa hivyo mwaka baada ya mwaka, huziba masikio. Ndani ya seli kuna protini ambayo kazi yake ni kuyaziba, na katika moyo mgonjwa protini hiyo huzidi kiasi. Hapo mwili unapiga kelele na moyo hausikii. Tiba tuliyokuwa tukiijaribu ilikuwa jeni moja, agizo fupi tu, la kuidhibiti protini ile ili moyo usikie tena ukiambiwa kwa sauti ya kawaida.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kwa hiyo moyo wangu umenifanyia yale yale mliyonifanyia ninyi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi ni wangu kweli."

Wakati huo alikuwa anavaa viatu kwa vituo. Anavaa kimoja, anapumzika. Anavaa cha pili, anapumzika tena, mikono juu ya magoti. Ile sauti ya kiwandani ilikuwa imebaki ya mtu anayenong'ona msibani. Daktari wake wa hospitali, yule wa kweli mwenye vidonge, alikuwa ametuambia waziwazi kwamba dawa zimefika mwisho wa uwezo wake, na kwamba tusifanye mipango ya mbali. Ndiye aliyempendekeza mama kwa jaribio letu. Mimi sikunyanyua hata simu, na nilihakikisha watu wanajua kwamba sikunyanyua.

Lilibaki jambo moja. Jeni haiendi yenyewe. Hubebwa ndani ya ganda la kirusi kilichoondolewa makali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni wetu alikuwa wa namna hiyo hasa. Lakini kama mwili uliwahi kukutana na jamaa za kirusi kile, hata kwa mafua ya utotoni ambayo hakuna anayeyakumbuka, damu huwa na kingamwili zinazokikumbuka. Mgeni hupigwa mlangoni kabla hajafikisha agizo, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuumia katika vurugu hiyo. Kwa hiyo kila mtu alipimwa kwanza. Mwenye kingamwili hakuingia, na hapakuwa na kukata rufaa.

Majibu hayakupitia kwangu. Mkuu alimpigia kaka simu kama ambavyo angempigia ndugu wa mgonjwa mwingine yeyote, na kaka akaja kwangu nikiwa naanika nguo. Sikuhitaji kumwuliza. Alisema mama anazo kingamwili, tena nyingi, na nafasi yake atapewa mwingine mwisho wa mwezi. Halafu akasimama pale kati ya mashuka yaliyolowa, akaniuliza kama si mimi ndiye mwenye maabara. Niwaambie wapime tena, basi. Nilimweleza kwamba siruhusiwi kuomba. Nilimweleza kwamba mkono wa mtoto ukionekana katika majibu ya mama yake, hakuna atakayeiamini tiba ile, na wagonjwa wote wa mbele watalipia.

"Wewe ni mtoto wake," kaka akasema, "au ni karani wao?"

Akaondoka bila kuaga. Kaka yangu si mtu mbaya. Alikuwa amechoka kumbeba mama kila asubuhi na kujifanya si mzito. Mganga hajigangi, nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni nikidhani ni kejeli wanayopigwa waganga. Jioni ile nilijua linavyouma ukiwa wewe ndiye mganga.

Na lililonivunja zaidi ni kwamba niliyaamini majibu yale. Niliijua mikono iliyoyatoa. Fundi wetu wa maabara tulimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeingia akikimbia, awe mwanafunzi au mkuu. Haraka haraka haina baraka, angesema, kisha anakunyang'anya kifaa chako na kukurudishia kimefutwa. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akiruka hatua. Kama Taratibu amesema kingamwili zipo, basi zipo. Nilianza kuhesabu moyoni vitu ambavyo mama hangekuwepo kuviona, na nikajikataza.

Mama aliyapokea kuliko sisi wote. Aliuliza kama aliyepewa nafasi yake ana watoto wadogo, nikamwambia sijui, akasema na awe nao. Kisha akatangaza kwamba lazima aende kuwashukuru watu wa maabara. Mtu hahangaikiwi na watu halafu akaondoka kimyakimya kama aliyeiba. Kaka aliguna kwamba awashukuru kwa lipi, lakini mama alikuwa ameshaanza kuvaa kiatu cha kwanza.

Tukaenda. Kaka alimsukuma ndani kwenye kiti cha magurudumu, kitu alichokichukia na kukiita toroli. Mimi nilibaki ndani ya gari, kwenye maegesho, nikishika masharti. Walikaa sana. Nilimwona mama akirudi kwa mbali, ametulia, kanga yake ameifunga vizuri mabegani, na uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyetoka kutembelea ndugu wema. Tulipomweka kwenye kiti cha mbele alipumzika kwanza. Halafu akaanza kuwasifu, mmoja mmoja, kwa sauti ile ndogo iliyobaki.

Aliyemkuna zaidi alikuwa Taratibu.

"Yule kijana kalelewa," alisema. "Anasema kichupa changu alikitanguliza. Hakutaka mama wa mwenzao apange foleni. Kakiingiza peke yake, wengine wakasubiri, hata maji hayajashika moto. Na kukitoa, kakitoa cha kwanza. Watu wangapi siku hizi wanamtanguliza mtu mzima?"

Kaka alikuwa amewasha gari. Nilimwambia alizime.

"Mama, rudia hilo la maji."

Mama hapendi kurudia, lakini alirudia, neno kwa neno, akidhani nataka kuzisikia sifa za mwenzangu mara ya pili.

Naomba nieleze, kwa kuwa kila kitu kiko hapa. Maji ya damu mabichi huwa na protini kali zisizomjua yeyote; ni kama mbwa wa mtaani wanaombwekea kila apitaye. Ukiyaleta hivyohivyo kwenye kipimo, yatamng'ata mgeni wetu, na utadhani umepata kingamwili. Kwa hiyo kabla ya kupima tunaviweka vichupa vyote kwenye hodhi la maji ya moto, tena moto wa kiasi maalumu, kwa muda maalumu. Mbwa hunyamaza. Kingamwili za kweli, zile zinazomjua mgeni kwa sura, hustahimili moto ule na kubaki. Hodhi lenyewe huchukua muda kupata joto, na ndiyo maana hakuna anayeingiza kitu kabla taa yake haijageuka kijani. Kichupa cha mama kiliingia maji yakiwa vuguvugu na kutoka wenzake ndio kwanza wanaanza kuiva. Kilipimwa na mbwa wote wakiwa macho.

Au pengine kingamwili zilikuwepo kweli, na mimi nilikuwa mtoto anayetafuta mlango kwenye ukuta. Sikuwa na njia ya kujua. Nilijua tu kwamba majibu yale hayakuwa majibu.

Nilitembea kutoka kwenye gari hadi ofisi ya mkuu huku nikijipangia maneno, na njia nzima nilisikia jinsi yatakavyosikika: binti wa mgonjwa, siku chache baada ya mama yake kukataliwa, anakuja kulalamikia kipimo. Mkuu alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake haikuwa na mlango wa nyuma. Angeweza kunitoa katika utafiti mzima. Angeweza kumtoa mama moja kwa moja, hata katika duru nyingine kama ingekuwepo. Nilipiga moyo konde nikabisha hodi.

"Sikuja kuomba," nikamwambia nikiwa bado nimesimama. "Nimekuja kutoa taarifa. Sampuli moja iliingia hodhini kabla ya joto kufika. Na ingekuwa ya mtu mwingine yeyote, ningekuja vilevile."

Alinitazama muda mrefu kupita kiasi. "Umejuaje, nawe umekaa nje?"

"Mama ndiye aliyeniambia. Alikuwa anawasifu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamwita Taratibu.

Aliingia akitabasamu, maana alikuwa bado na furaha ya kutembelewa na mama. Mkuu alimwuliza swali moja tu: sampuli ile ilipoingia, taa ya hodhi ilikuwa ya rangi gani. Tabasamu likaondoka taratibu, na baada yake nikaona uso wake wote ukijikusanya, kama mtu aliyefika sokoni akagundua ameacha jiko linawaka. Hakukana. Alisema alitazama saa, hakutazama taa. Alisema hakuweza kumpanga mama wa mwenzake katikati ya wengine kama mtu asiye na wenyewe.

"Nilidhani namheshimu," akasema.

"Ulimheshimu," mkuu akajibu. "Ila mashine haijui mkubwa wala mdogo."

Nilitaka kumkasirikia Taratibu. Nilijaribu, Mungu ananiona, na sikuweza. Mzembe asingelifanya kosa lile, wala mtu mwenye roho mbaya. Mtu asiye na malezi angekiweka kichupa cha mama pamoja na vingine, na mama angepata majibu ya haki. Heshima si utumwa, tunafundishwa, na kweli si utumwa. Lakini ile ya siku ile nusura inizikie mama. Tulipotoka ofisini alishindwa kunitazama, nikamshika bega, nikamwambia arudi kazini.

Mkuu hakukubali kipimo kirudiwe kwetu. Damu mpya ilitolewa hospitali, ikafungwa pamoja na ya wagonjwa wengine, ikapelekwa maabara ya mbali ambako hakuna aliyejua nani ni mama wa nani. Tukangoja. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Kaka alikuja kila jioni, hatukuzungumzia lolote la maana, na ndiyo ilikuwa namna yetu ya kupatana. Mama alichoka na sura zetu. Alituambia kwamba tukiendelea kumtazama hivyo atakufa kwa kuhurumiwa kabla moyo haujapata zamu yake.

Majibu yalipotoka, safari hii kaka hakuja. Alipiga simu, na kwanza nikasikia tu barabara nyuma yake. Nilidhani nimeshaelewa. Kisha akasema neno moja: "Safi."

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu, nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Wanasema maji ya moto hayachomi nyumba. Yetu ilitaka kuchomwa na ya vuguvugu. Nilipomwambia mama, aliuliza habari za yule mtu aliyekuwa amepewa nafasi yake, nikamjibu kwamba zimepatikana nafasi mbili. Hapo ndipo alipojiruhusu kufurahi. Aliomba kioo, akatazama nywele zake, akasema haendi kutiwa kirusi akiwa katika hali ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida mno. Waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wakaupandisha hadi kwenye mishipa ya moyo, na jeni ikaingia ndani ya maji maangavu yasiyo na harufu wala rangi, yakitiririka kutoka mfuko mdogo. Mama aliutazama mfuko ule kwa masikitiko. Alikuwa ametegemea kitu chenye sura zaidi. Taratibu alikuwa amesimama ukumbini, hana kazi pale, amekuja tu, na mama alipomwona kupitia mlango uliokuwa wazi alimwita asogee.

"Leo umepasha?" akamwuliza.

"Hii haipashwi, mama. Hii hukaa kwenye barafu."

"Haya. Mimi naangalia tu."

Hata muuguzi alicheka. Taratibu alicheka mwisho, na alipocheka nikaona mabega yake yakishuka mahali pake.

Halafu ikaja miezi ya kutotokea kitu. Watu hudhani tiba ya namna hii ni swichi. Seli lazima zipokee agizo, zilisome, zianze kulitekeleza, na moyo uliozoea kutosikia hausikii kwa siku moja. Nilikuwa bado siruhusiwi kuona vipimo vyake. Niliishi kwa kumtazama, kama watu walivyowatazama mama zao kabla hata maabara hazijakuwepo, na macho ya mtoto hayaaminiki: leo yanaona nafuu, kesho yanaona kaburi. Maabara ilipata sharti jipya, kwamba kichupa hakitangulizwi kwa sababu ya mwenyewe. Wanaoanza kazi siku hizi huliona la ajabu, maana nani angefanya hivyo, nami huwajibu kwamba watu wema.

Mchana mmoja wa Jumapili nilikwenda kumwona. Nyumba ilikuwa kimya. Nilipita sebuleni, nikauona mlango wa chumba chake umeegeshwa, nikausukuma.

Mama alikuwa amelala chali. Bapa kabisa, bila mto hata mmoja, mikono pembeni, uso umeelekea dari.

Ambaye hajakaa na ugonjwa ule hataelewa. Moyo ukishindwa, maji hujaa mapafuni, na mtu akilala bapa anazama. Kwa miaka miwili mama alikuwa akilala ameketi, ameegemezwa kwa mito minne, kidevu kifuani. Tulikuwa tumeusahau mwili wake ukiwa umenyooka. Katika mawazo yangu palikuwa na siku moja tu ambayo angelala vile, na siku hiyo sisi ndio tungemlaza.

Nilishika fremu ya mlango. Sikumwita; nisipomwita, hangeweza kushindwa kuitika. Nilitazama kifua chake chini ya shuka. Kilipanda, kikashuka, polepole, bila kutafuta hewa, kikapanda tena. Nilisimama nikikitazama mpaka akafumbua jicho moja.

"Kama umekuja kunipima, nenda zako," akasema. "Nimelala."

Nikarudisha mlango. Nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikajifunika uso kwa kanga yake iliyokuwa imetundikwa pale, nikalia kama mtoto. Sikumsikia kaka akiingia. Alikuwa amesimama mbele yangu na mfuko wa mboga, rangi imemtoka.

"Nini?" akasema. "Mama?"

"Amelala chali, kaka. Nenda ukamwone."

Aliuweka mfuko chini. Alikwenda kwa kunyata, akakaa huko kitambo, akarudi kwa kunyata vilevile. Alivuta kigoda cha pili, akakaa karibu nami, akaanza kuchambua mboga.